Mwandishi ana haki ya kumficha msomaji kiasi gani? Maoni yangu kuhusu riwaya nilizosoma karibuni

Wanajamvi,

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma kwa zamu, riwaya moja ya upelelezi na kisha moja ya kisasa isiyo na maiti wala askari, na nimeona niyaandike maoni yangu mahali pamoja kabla kitabu kimoja hakijaanza kuchanganyika na kingine kichwani. Sitasimulia visa kwa urefu na sitamtaja muuaji wa kitabu chochote kinachomficha, ingawa kuna aya moja huko chini ambayo nitawaomba baadhi yenu muiruke.

Kilichonisukuma kuandika ni hasira. Nilisoma riwaya moja ya taharuki, ambayo sitaitaja, ambamo msimulizi anayesema "mimi" anakuta barua chini ya mlango katika sura ya tatu. Anaifungua, anaisoma mara mbili, mikono inamtetemeka, anaikunja na kuitia mfukoni. Basi. Tunaishi ndani ya kichwa cha mtu huyu, tunajua kwamba jino linamuuma na kwamba hampendi jirani yake, lakini yaliyomo katika barua hiyo tunayasubiri hadi zimebaki kurasa ishirini kitabu kiishe. Huko si kujenga taharuki. Ni kumfunga mtu kitambaa machoni kisha kumcheka kwamba haoni. Tangu hapo kila kitabu nimekisoma kwa swali hilohilo: kimenificha nini, na kwa haki gani?

Swali lenyewe ni la zamani. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Uingereza aliyekuwa pia mtunzi wa riwaya za upelelezi, aliorodhesha kanuni kumi za uandishi huo. Ya kwanza inataka mhalifu awe ametajwa mapema katika hadithi, na nyingine inataka mpelelezi asiokote dalili ambayo msomaji hakuonyeshwa palepale. Mwaka uliofuata waandishi wa huko waliunda chama chao, Detection Club, na kiapo cha chama hicho kilimtaka mwanachama asimfiche msomaji dalili muhimu. Baadhi ya kanuni za Knox zimechakaa, na ile inayokataza Mchina kuwemo katika hadithi inasomeka vibaya leo, hata kama alikusudia kuwakejeli watunzi wa wakati wake waliokuwa wakiwageuza Wachina wote kuwa majahili. Hiyo ya dalili, hata hivyo, bado naiona kuwa ndiyo mkataba kati ya anayeandika na anayesoma.

Kitabu kilichoutimiza mkataba huo kuliko vyote nilivyosoma kipindi hiki ni The Devotion of Suspect X cha Keigo Higashino, kilichotoka Japani mwaka 2005 na kupata Tuzo ya Naoki. Ajabu yake ni kwamba hakimfichi muuaji. Katika kurasa za mwanzo tunamwona Yasuko, mama anayemlea binti yake peke yake, akimuua mume wake wa zamani aliyekuja kumsumbua, na tunamwona jirani yake, mwalimu wa hisabati aitwaye Ishigami, akijitokeza kumsaidia. Tumeshajua nani ameua, kwa nini, na kwa kutumia nini. Kinachobaki ni kuona kama polisi nao watafika huko, na mimi nilisoma sehemu kubwa ya kitabu nikiamini kwamba nimewatangulia polisi kwa hatua kumi.

Kuna mahali ambapo Ishigami anaeleza namna anavyotunga mitihani. Hamtegi mwanafunzi kwa swali gumu. Anatoa swali linaloonekana kuwa la jiometri ambalo kwa kweli ni la aljebra, na mwanafunzi aliyekariri njia bila kulitazama swali anapotea mwenyewe. Nilipita hapo nikidhani ni maongezi tu ya kumpamba mhusika. Nilipomaliza kitabu nilirudi, nikapiga mstari kwa penseli, nikakaa nacho mapajani kwa muda bila kukifunga. Mwandishi alikuwa ameniambia waziwazi, kwa kinywa cha mhusika wake, jinsi anavyonidanganya, na bado nilidanganyika. Kila nilichohitaji kilikuwa mezani. Nilichokosea ni swali nililokuwa nikijiuliza. Lawama yangu ni moja tu, kwamba Yasuko mwenyewe hakupewa uzito wa kutosha. Mambo makubwa yanafanywa kwa ajili yake na kwa jina lake, ilhali yeye anabaki kusubiri simu, na ningependa kujua zaidi anachofikiri kuhusu ukarimu ambao hakuuomba na ambao polepole unaanza kufanana na kifungo.

Aya hii airuke yeyote ambaye hajasoma The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie na anakusudia kukisoma. Nilikirudia makusudi, kwa sababu tangu mwaka 1926 wapo wanaodai kwamba bibi huyo aliwachezea wasomaji shere. Safari hii nilisoma nikiwa najua mwisho. Msimulizi, ambaye ni daktari wa kijiji, anataja saa mara mbili usiku wa mauaji: saa tatu kasoro dakika ishirini, na saa tatu kasoro dakika kumi. Saa hizo zimo katika sentensi za kawaida kabisa, za mtu anayejiuliza mlangoni kama ameacha jambo lolote bila kulifanya, kisha akaondoka. Hazina uongo ndani yake. Dakika kumi zimeonyeshwa, zimehesabiwa, na hatukujali kuuliza zilitumikaje. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sikasiriki. Katika riwaya ile ya barua, anayeficha ni mwandishi, na anaficha kwa sababu kitabu kingekwisha mapema kama angesema. Kwa Christie anayeficha ni mhusika, na anaficha kwa sababu zake mwenyewe, zilezile ambazo zingemfanya amfiche mtu yeyote aliyeketi mbele yake.

Magpie Murders cha Anthony Horowitz, cha mwaka 2016, kinalicheza jambo hili kwa ujanja mwingine. Mhariri aitwaye Susan Ryeland anasoma mswada wa riwaya ya upelelezi iliyowekwa katika kijiji cha Uingereza mwaka 1955, na anapofika karibu na mwisho anagundua kwamba sura ya mwisho haipo. Sisi tumeusoma mswada huo pamoja naye, kwa hiyo hasira yake ni yetu, na kila anachokijua tunakijua. Nilifurahia sana kitabu cha ndani, pamoja na mpelelezi wake Atticus Pünd ambaye anajua kwamba ugonjwa unammaliza. Kitabu cha nje, cha Susan mwenyewe, kilinichosha kidogo. Michezo ya majina na herufi imezidi, na inafika mahali mtu anahisi kwamba mwandishi anataka apigiwe makofi.

Kuhusu The Thursday Murder Club cha Richard Osman, kilichotoka mwaka 2020, sina maneno mengi. Wazee wanne katika makazi ya wastaafu wanakutana kila Alhamisi kuchambua kesi za zamani za polisi, kisha mauaji ya kweli yanawafikia mlangoni. Nilicheka, na shajara ya Joyce ni kazi ya mtu anayejua kusikiliza watu wanavyoongea. Kama fumbo, hata hivyo, kimelegea. Kila taarifa inapokwama, Elizabeth, ambaye maisha yake ya zamani yalikuwa ya ujasusi, anamfahamu mtu anayemfahamu mtu, na taarifa inaletwa. Dalili inayoletwa kwa hisani ya rafiki haimpi msomaji kazi yoyote.

My Sister, the Serial Killer cha Oyinkan Braithwaite, cha mwaka 2018, kinaanza pale ambapo vitabu vingine vinamalizikia. Korede, muuguzi wa Lagos, anaitwa na mdogo wake Ayoola kuja kusafisha, kwa sababu mpenzi mwingine amekwisha kufa, naye ni wa tatu. Tunaelezwa jinsi damu inavyosuguliwa na mahali inapojificha, kwa utulivu wa mtu anayeeleza kazi za nyumbani. Hakuna fumbo la nani. Kinachofichwa ni baba yao, ambaye kisu kinachotumika kilikuwa chake, na sura zinazomhusu zinakuja moja moja, fupi, kama kumbukumbu ambayo Korede mwenyewe hataki kuikaribia. Ninauheshimu ufichaji wa namna hiyo. Jambo jingine lililonishika ni kwamba Korede ana mtu mmoja tu wa kumweleza siri zake, mgonjwa aliyelala bila fahamu hospitalini, akiamini kwamba hatazinduka. Anazinduka. Nilipofika hapo niligundua kwamba hata mimi nilikuwa nimekaa mahali pa mgonjwa yule, nikisikiliza bila kuulizwa.

Sasa riwaya ambazo hazijiiti za upelelezi. Nilitarajia kwamba swali langu halitazifaa, na nilikosea, isipokuwa kwa Orbital cha Samantha Harvey, kilichopata Tuzo ya Booker mwaka 2024. Hicho kinawafuata wanaanga sita wakizunguka dunia mara kumi na sita ndani ya siku moja. Kimeandikwa kwa lugha nzuri na hakina siri yoyote, nami nilisinzia nacho zaidi ya mara moja.

Small Things Like These cha Claire Keegan, cha mwaka 2021, hakifiki hata kurasa 130. Ni mwaka 1985 katika mji mdogo wa Ayalandi, na Bill Furlong, muuza makaa ya mawe, anapeleka mzigo kwenye nyumba ya watawa asubuhi moja ya baridi kabla ya Krismasi, anafungua banda la makaa na kumkuta msichana aliyefungiwa humo. Historia iliyo nyuma ya kitabu ni ya kweli: dobi za Magdalene, yaani nyumba za watawa za kufulia nguo, ambamo wanawake na wasichana walifungiwa na kufanyishwa kazi, ziliendelea hadi ya mwisho ilipofungwa mwaka 1996. Ningekuwa mpelelezi ningesema kwamba kesi imekwisha palepale, kwa kuwa dalili imeonekana. Lakini siri ya Keegan ni siri ambayo mji mzima unaijua. Mke wa Furlong anajua vya kutosha kutotaka kujua zaidi, na mwenye mgahawa anamwonya kwa upole, kama mtu anayemtakia mema. Mwandishi hafichi kitu. Wanaoficha ni watu wema, wanaosalimiana na kununua zawadi, na ukimya wao ulinitisha kuliko mauaji yote niliyoyataja hapo juu.

James cha Percival Everett, cha mwaka 2024, kilichopata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, kinamchukua Jim, mtumwa aliyemo katika riwaya ya Mark Twain, na kumpa nafasi ya kusimulia yeye mwenyewe. Kinachofichwa humo ni lugha. Watumwa wanapokuwa peke yao wanazungumza kwa ufasaha, na mzungu anapokaribia wanavaa lafudhi anayoitarajia. Kuna somo ambalo James anawafundisha watoto: ukiona jiko la bibi mzungu linashika moto, usiseme wazi kwamba kuna moto, mwelekeze atazame, umwache alitaje tatizo yeye, kwa sababu ni lazima yeye ndiye awe wa kwanza kujua. Nilicheka, kisha nikasita, kwa kuwa watoto wale wanajifunza kanuni ya Knox iliyopinduliwa, yaani namna ya kumwekea mtu dalili mbele ya macho ili aamini kwamba ameivumbua mwenyewe. Nusu ya pili ya kitabu ina haraka kuliko nilivyopenda, na ufunuo mmoja mkubwa kuhusu James na Huck, mvulana mzungu anayesafiri naye, ulinifikia bila kunigusa kama ulivyokusudiwa.

Nimalizie mchango huu kwa Afterlives cha Abdulrazak Gurnah, kilichotoka mwaka 2020, mwaka mmoja kabla hajapewa Tuzo ya Nobel. Wengi wanakisoma kama riwaya ya ukoloni wa Kijerumani, na ni sawa. Mimi nilikisoma kama riwaya ya mtu aliyepotea. Ilyas anajiunga na askari wa Wajerumani kwa hiari yake, anamwacha dada yake Afiya, na harudi. Kitabu kinaendelea na mambo mengine: Hamza anarudi kutoka vitani na jeraha, anapata kazi, anampenda Afiya, maisha yanajengeka. Lakini jina la Ilyas halizikwi, na jibu kuhusu alikoishia linakuja katika kurasa za mwisho, kwa kupekuliwa katika nyaraka, kwa sauti kavu kama ripoti. Hakuna aliyetuficha. Jibu lilichelewa kwa sababu lilichelewa kwa familia, na miaka waliyoisubiri wao ndiyo kurasa tulizozisubiri sisi.

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta uzi, nimekusoma hadi mwisho, lakini naona umewaonea waandishi wa taharuki. Msomaji wa riwaya ile ya barua hakuingia ili ashindane na mwandishi. Aliingia ili ashikwe. Isitoshe, hukutaja In the Woods cha Tana French, cha mwaka 2007, ambacho hakitoi jibu la fumbo lake kubwa kabisa, na bado wengi wetu tunakipenda. Je, hicho nacho kimevunja mkataba?

Mleta uzi:
Ndugu mchangiaji, umenishika pabaya, kwa sababu kitabu hicho nilikitupa kitandani nilipokimaliza mara ya kwanza. Kwa wasiokijua, kinaanza na watoto watatu walioingia msituni mwaka 1984. Anapatikana mmoja tu, ameukumbatia mti, viatu vyake vina damu, na hakumbuki chochote. Anakua, anabadili jina, anakuwa mpelelezi, na anapewa kesi ya mauaji palepale. Kesi ya sasa inapata jibu, na ile ya utotoni haipati. Nilipoa baadaye nilipokumbuka kwamba msimulizi huyo anakiri tangu mwanzoni kwamba ni mtu anayesema uongo, na kwamba sehemu ile ya kumbukumbu yake haikufungwa na mwandishi. Yeye mwenyewe hawezi kuifungua. Hatujafichwa alichonacho, kwa kuwa hanacho. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, hakikuvunja mkataba, ingawa nakubali kwamba kuna wasomaji watakaotaka warudishiwe muda wao, na siwezi kuwalaumu. Kuhusu msomaji anayetaka kushikwa, nakubaliana nawe kwa nusu. Mimi pia nilishikwa na ile barua. Tatizo ni kwamba ilipofunguliwa niliona ilikuwa na habari ambayo msimulizi asingeweza kuacha kuiwaza hata kwa saa moja, achilia mbali kurasa mia mbili.

Mchangiaji wa pili:
Nashangaa uzi mrefu kama huu wa upelelezi kwa Kiswahili umepita bila Bwana Msa kutajwa. Muhammed Said Abdulla, aliyemtunga mpelelezi huyo, alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960, na hadi leo sijaona mpelelezi wa Kiswahili aliyempiku kwa kutulia.

Mleta uzi:
Sikumtaja kwa sababu sikumsoma kipindi hiki, lakini lawama nimeipokea. Nionavyo, uhusiano wa Bwana Msa na rafiki yake Najum umeazimwa kwa Sherlock Holmes na Watson bila kificho, na hata kiko kimekuja pamoja na mvutaji. Alichokifanya Abdulla ambacho ni chake mwenyewe ni kuchagua kitu cha kufichia. Mauaji yametokea mahali panapoogopwa, watu wote wana maelezo tayari mdomoni, na mpelelezi peke yake anakataa kuamini kwamba mzimu una mikono. Hakuhitaji kuificha dalili ya aina yoyote. Hofu ya watu ilitosha kuifunika. Ukimpanga pamoja na Keegan utaona kwamba wanafanya jambo linalokaribiana, ingawa mmoja anachekesha na mwingine anaumiza. Nitakirudia, pamoja na Kisima cha Giningi, kisha nitarudi hapa.

Mchangiaji wa tatu:
Mleta uzi, unalalamika kwamba waandishi wanaficha, ilhali wewe umetufichulia. Nilikuwa nataka kuanza na hicho cha Mjapani, na sasa nimeshajua habari ya mtihani wa jiometri. Nifanyeje?

Mleta uzi:
Samahani sana, na una haki ya kulalamika; onyo niliwawekea wa Christie tu nikasahau wa Higashino. Anza na Braithwaite, ambacho unaweza kukimaliza kwa siku mbili, kisha nenda kwa Higashino uchukue na penseli. Ukifika kwenye ule mtihani utautambua, utatabasamu, na utaendelea kusoma ukijihadhari na kila swali linalofuata. Mimi nilipokisoma mara ya pili nilifanya hivyohivyo, nikakuta kwamba hata mstari wangu wa kwanza wa penseli nilikuwa nimeupiga chini ya sentensi isiyohusika.